The Banshee ya Henry Cowell (1925): piano inatoaje sauti hizi bila kubonyezwa?

Mwanakwaya wa Tanga

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mpigaji kinanda wa kwaya, na elimu yangu ya muziki imetokana zaidi na nyimbo za ibada pamoja na mazoezi ya vidole niliyofundishwa na mwalimu mmoja mstaafu. Hivi karibuni nilisikiliza rekodi ya kazi fupi iitwayo The Banshee, ambayo mtunzi wake, Mmarekani Henry Cowell, aliiandika mwaka 1925. Maelezo yaliyoambatana na rekodi yalieleza waziwazi kwamba ala ni piano peke yake, na kwamba hakuna mashine yoyote ya kugeuza sauti iliyotumika. Nilichokisikia ni mvumo unaoanzia chini kabisa, ukapanda polepole, ukageuka kilio kama cha mtu aliye mbali, kisha ikaja mikwaruzo iliyonisisimua ngozi, na baada ya dakika mbili na nusu hivi kila kitu kikafifia. Nimerudia kusikiliza nikitafuta walau nota moja iliyobonyezwa kwa kidole, nisiipate.

Naomba wenye ujuzi wanieleweshe sauti hizo zinapatikanaje, na kama mtunzi aliziandika kwenye karatasi au aliacha mpigaji afanye apendavyo. Ningependa pia kujua kama jambo hili linaweza kujaribiwa kwenye piano ya kawaida bila kuiharibu, kwa kuwa ukumbini kwetu ipo piano ya kusimama ambayo kwa sasa haitumiki sana. Sina nia ya kuipiga mbele ya waumini, msiwe na wasiwasi.

Mwalimu wa Nota

Ndugu Mwanakwaya, masikio yako hayakukudanganya. Katika kazi hiyo hakuna kibonyezo hata kimoja kinachobonyezwa, cheupe wala cheusi, tangu mwanzo hadi mwisho. Mpigaji hakai kwenye kiti. Anasimama kwenye ule mkunjo wa ubavuni mwa piano kubwa ya jukwaani, ile ambayo nyuzi zake zimelala, mfuniko ukiwa wazi, na anacheza moja kwa moja juu ya nyuzi kwa vidole, kucha na kiganja. Yupo mtu wa pili, ambaye ndiye anayeketi mbele ya vibonyezo, lakini kazi yake ni moja tu, nayo ni kukanyaga pedali ya kulia na kuishikilia chini mpaka kazi iishe.

Huyo wa pili asidharauliwe. Kila uzi wa piano, isipokuwa zile nyembamba za juu kabisa, una dampa yake, yaani kipande cha mbao kilichovikwa sufi nene ambacho hukaa juu ya uzi ili kuunyamazisha. Unapobonyeza nota, dampa ya nota hiyo peke yake ndiyo inayoinuka, lakini ukikanyaga pedali ya kulia, dampa zote huinuka kwa pamoja, na nyuzi zote, ambazo katika piano kubwa hufikia 230 hivi, huachwa huru. Kuanzia hapo, uzi mmoja ukiguswa, nyingine nyingi ambazo tabia zake zinaoana nao huitikia zenyewe bila kuguswa, na ule ubao mpana ulio chini yake hukuza mvumo wote huo. Umbali unaousikia kwenye rekodi, kana kwamba anayelia yuko ng'ambo ya bonde, unatokana kwa kiasi kikubwa na mwitikio huo. Mtu akiinua mguu katikati ya kazi, kilio kinakatika papo hapo.

Sasa kuhusu kilio chenyewe. Nyuzi za chini za piano si waya mtupu. Ni waya wa chuma uliozungushiwa waya wa shaba kutoka mwisho mmoja karibu na mwisho wa pili, ili uwe mzito na utoe sauti nene bila kuhitaji urefu usiowezekana. Ukipitisha kidole kwa urefu wake, kuufuata uzi wenyewe badala ya kuukata, kidole kinapita juu ya vituta vidogo vingi vya shaba, na kila kituta kinausukuma uzi kidogo. Ukienda polepole unasikia mkwaruzo mzito. Ukiongeza kasi, misukumo inakuwa mingi zaidi kwa sekunde na sauti ya mkwaruzo inapanda. Hapo ndipo panapopatikana ule mteremko na mpando wa sauti usio na ngazi, ambao piano inayopigwa kwa vibonyezo haiwezi kuutoa kabisa, kwa sababu kila kibonyezo kimefungwa kwenye sauti yake moja.

Na ndiyo, yote yameandikwa. Karatasi ya kazi hii ina nota za kawaida, na juu ya nota zimewekwa herufi, kuanzia A hadi L, kila herufi ikiwa na maelezo yake mwanzoni mwa kitabu. Herufi 12, njia 12 za kuugusa uzi. A ni kufagia kwa nyama ya kidole kuvuka nyuzi, kuanzia ule wa chini kabisa hadi nota iliyoandikwa. B ni kufuata urefu wa uzi mmoja kwa nyama ya kidole. C ni kufagia kwenda na kurudi. D ni kudonoa uzi. F ni sawa na B, ila badala ya nyama ya kidole hutumika mgongo wa ukucha, na tofauti ya sauti ni kubwa mno, kwa kuwa nyama inatoa mguno na ukucha unatoa ukelele. Nyinginezo zinaongeza idadi ya nyuzi, tatu au tano kwa pamoja, au kuingiza mikono yote miwili, na ile ya mwisho, L, inatumia kiganja kizima.

Mtunzi ameagiza vilevile kwamba kazi yote ichezwe oktava moja chini ya ilivyoandikwa, agizo ambalo linamweka mpigaji kwenye eneo la nyuzi za shaba nilizozitaja. Kwa hiyo mpigaji hana uhuru mkubwa kama unavyodhani. Ameambiwa ni uzi upi, aguse kwa sehemu gani ya kidole, kwa muda gani, na kwa nguvu kiasi gani.

Bi Msikivu

Namshukuru Mwalimu kwa maelezo, lakini naomba nitie neno la kupinga kidogo, kwa sababu naona mjadala unaanza kuelekea kwenye kustaajabia ufundi na kuacha swali la muziki wenyewe.

Nimekulia Unguja katika mazingira ya taarab, ambako ganuni inapakatwa magotini na nyuzi zake zinadonolewa kwa vidole vilivyovaa ncha ngumu, na hakuna anayeona ajabu kwamba mtu anagusa uzi moja kwa moja. Kwetu mkwaruzo wa ukucha juu ya uzi ulikuwa ni dalili ya mwanafunzi asiyetulia, na alikuwa akikaripiwa. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba mtu alifungua mfuniko wa piano akakwaruza nyuzi za besi, na kwamba jambo hilo ni tukio katika historia ya muziki, nauliza: je, tungekuwa tunaizungumzia leo kama ingeitwa Zoezi la Nyuzi Namba Tatu? Banshee katika imani za watu wa Ireland ni mwanamke wa ulimwengu wa roho ambaye kilio chake nje ya nyumba ni ishara kwamba mmoja wa ukoo huo atakufa. Ukishamwambia msikilizaji habari hiyo kabla hajasikia chochote, umeshamfanyia nusu ya kazi. Atasikia mzuka hata kwenye bawaba ya mlango. Mwanakwaya mwenyewe amesema kilio kama cha mtu aliye mbali, naye alikuwa amesoma jina kabla ya kusikiliza.

Sisemi kwamba kazi haina thamani. Ninachosema ni kwamba anayetaka kuipima aisikilize kwanza bila jina, ndipo tujue kama karatasi yenyewe inabeba mzigo au jina ndilo linaloubeba.

Mwalimu wa Nota

Bi Msikivu, hoja yako ni ya haki, na sehemu yake naikubali bila kusitasita. Cowell alijua vizuri nguvu ya jina na ya hadithi. Alizaliwa mwaka 1897 Menlo Park, California, baba yake akiwa mhamiaji kutoka Ireland, na katika ujana wake alikuwa karibu na John Varian, mshairi wa asili hiyohiyo aliyekuwa katika kijiji cha Halcyon, pwani ya California, ambako jumuiya ya watu wa Theosofia, yaani imani inayotafuta hekima ya siri iliyomo katika dini zote, ilikuwa imepiga kambi. Kwa ajili ya onyesho lililotokana na maandishi ya Varian kuhusu visasili vya Ireland, Cowell alitunga The Tides of Manaunaun, ambamo mkono wa kushoto hauchezi nota moja moja bali unakandamiza vibonyezo vya oktava nzima kwa kiganja, na vya oktava mbili kwa mkono kuanzia kiwiko, ili kuleta mawimbi ya bahari ya mungu Manaunaun. Vitabu vingi bado vinaitaja kwamba ni ya mwaka 1912, tarehe aliyoitoa Cowell mwenyewe, ingawa uchunguzi wa baadaye unaiweka mwaka 1917. Basi hadithi za Ireland zilikuwa naye muda mrefu kabla ya The Banshee, na hakuzibandika mwishoni ili kuuza karatasi.

Hata hivyo naomba uitazame karatasi yenyewe mahali pamoja tu, nayo ni herufi G. Maelezo yake yanasema kwamba mpigaji aanze kufuata urefu wa uzi kwa mgongo wa ukucha, na anapofika nusu ya njia, kidole cha mkono wa pili kianze kuufuata uzi uleule kwa nyama, ili mguso huo laini uzime kwa sehemu sauti iliyokwisha kuanzishwa na ukucha. Fikiri anachokitafuta mtu anayeandika agizo la namna hiyo. Anapanga jinsi sauti moja itakavyozaliwa kwa ukali, ikabadilika tabia ingali hai, na kufa ikiwa laini. Piano inayopigwa kwa kawaida haimpi mpigaji nafasi hiyo hata kidogo. Nyundo ikishaugonga uzi na kurudi nyuma, kilichobaki ni kusubiri sauti ipungue au kuikata. Mpiga fidla anaitawala sauti mpaka mwisho wa upinde, na mwimbaji anaitawala mpaka mwisho wa pumzi. Cowell ameipa piano uwezo huo kwa kuondoa nyundo katikati, na hili lingebaki hivyo hata kama kazi ingeitwa Zoezi Namba Tatu.

Zipo pia sehemu ambazo nyuzi hudonolewa moja moja, na ghafla unasikia sauti zilizo wazi, zenye kimo kinachoweza kuimbwa, katikati ya mivumo isiyo na kimo. Mtu anayekwaruza tu ili kutisha asingehangaika kuziweka. Kwa maoni yangu ndizo zinazofanya mikwaruzo inayofuata iwe ya kutisha, maana sikio limepewa kitu cha kushika, kisha limenyang'anywa.

Kuhusu historia, tusimpe Cowell zaidi ya haki yake. Percy Grainger, Mwaustralia, alikwisha kuandika mwaka 1916, katika In a Nutshell, sehemu ambazo nyuzi za piano hupigwa kwa kirungu. Cowell mwenyewe alitangulia kuingia ndani ya piano kwa kazi fupi iitwayo Aeolian Harp, ya mwaka 1923 hivi, ambayo ni ya upole mno: mkono mmoja unabonyeza vibonyezo taratibu kiasi kwamba nyundo hazigongi, dampa za nota hizo zinainuka kimyakimya, na mkono wa pili unafagia nyuzi kwa kuzivuka. Zile zilizoachwa huru ndizo peke yake zinazoendelea kulia. Ukisikiliza hiyo utakubali, Bi Msikivu, kwamba jamaa hakuwa na haja ya mizuka kila mara. The Banshee ni mahali alipokwenda mbali zaidi, kwa kuacha vibonyezo kabisa.

Bi Msikivu

Mwalimu, kwa herufi G umenipata, na nitaitafuta rekodi nyingine ili niisikilize nikiwa najua mahali pa kutega sikio. Lakini msimamo wangu kuhusu jina haujabadilika. Umesema mwenyewe kwamba Aeolian Harp ni ya upole, na jina hilo ni la kinubi kinachopigwa na upepo. Huko nako msikilizaji anaelekezwa asikie upepo kabla hajasikia uzi. Mtunzi huyu alipenda kutushika mkono kila alipotupeleka mahali pageni. Kwa hadhira ya wakati ule labda ilikuwa busara, maana nimesoma kwamba alipopiga Leipzig mwaka 1923, kabla hata ya The Banshee, ugomvi ulizuka ukumbini mpaka polisi wakaingia, huku yeye akiendelea kupiga.

Nina swali moja. Nimesikia watu wakidai kwamba Cowell aliyapata haya kutoka muziki wa Asia au wa Afrika. Je, kuna ukweli?

Mwalimu wa Nota

Habari ya Leipzig ndivyo inavyosimuliwa, na si huko tu. Magazeti ya Marekani nayo yalimfananisha na bondia kwa jinsi alivyotumia ngumi na viwiko, ingawa waliomwona karibu walisema mguso wake ulikuwa wa makini.

Kuhusu Asia na Afrika, tutenganishe mambo kwa tarehe. Ni kweli kwamba akiwa mtoto katika eneo la San Francisco aliishi karibu na Wachina na Wajapani na kusikia nyimbo zao, na baadaye aliwasisitizia wanafunzi wake kwamba muziki wa dunia nzima ni urithi wa mtunzi. Mwaka 1931 alikwenda Berlin kwa ufadhili wa mfuko wa Guggenheim wa Marekani akasoma kwa Erich von Hornbostel, mtaalamu aliyekuwa na hazina ya rekodi za mitungi ya nta, ile iliyotumika kunasa sauti kabla ya santuri kuenea, kutoka mabara mengi. Kwa wasomaji wa huku kwetu nitaongeza kwamba Hornbostel huyohuyo alichapisha mwaka 1909 uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi, zilizonaswa wakati nchi ikiwa chini ya Wajerumani. Lakini The Banshee ilikuwa imekwisha kuandikwa miaka sita kabla ya safari hiyo. Kwa hiyo anayesema kwamba kazi hii imetoka kwenye mitungi ya Berlin anaitanguliza athari mbele ya chanzo chake. Mazingira ya utotoni yaweza kuwa yalimfanya asiogope sauti zisizo na ngazi, hilo sitalipinga, ila tusivuke hapo.

Kilichotoka kwenye kazi hizi baadaye kina uthibitisho zaidi. John Cage, mtunzi Mmarekani aliyesoma kwa Cowell, aliingiza skrubu na vipande vingine katikati ya nyuzi za piano mwaka 1940 huko Seattle alipotunga Bacchanale kwa ajili ya mcheza dansi Syvilla Fort, na alitambua wazi kwamba alimkumbuka mwalimu wake aliyekuwa akigusa nyuzi kwa mkono. Anayetaka kumsikia Cowell mwenyewe akiipiga The Banshee atafute santuri ya kazi zake za piano iliyotolewa na kampuni ya Folkways mwaka 1963, ambayo ina pia maelezo yake kwa sauti yake. Kwa anayejifunza, hiyo ndiyo ningeanza nayo, kwa kuwa wapigaji wengi wa siku hizi wanaikimbiza kazi hii na kuifanya ya kelele zaidi kuliko anavyoifanya yeye.

Mwanakwaya wa Tanga

Nashukuru sana, Mwalimu, nawe Bi Msikivu. Nimeisikiliza upya, safari hii nikizitega zile sauti za kudonoa, na kweli zipo. Mara ya kwanza nilizipita nikidhani ni kitu kimeanguka studio. Nilikuwa nimeshikwa na vilio tu.

Limebaki lile la piano yetu ya kusimama. Mlinzi wa ukumbi ameniruhusu kuifungua, mradi irudi kama ilivyokuwa. Je, kuna fundi humu anayeweza kunishauri kabla sijatia mkono?

Fundi Nyuzi

Ndugu Mwanakwaya, shukuru kwamba umeuliza kwanza, kwa sababu mara nyingi mimi huitwa baada ya watu kukwisha kujaribu. Natuni na kukarabati piano, na nimefanya kazi Nairobi na Mombasa, kwa hiyo hali ya hewa ya kwenu naijua.

The Banshee yenyewe, kama ilivyoandikwa, haitawezekana kwenye piano ya kusimama, na sababu ni umbo. Katika piano kubwa iliyolala, nyuzi za besi hupita kimshazari juu ya zile za kati, mpango ambao Steinway waliupatia hataza kwa piano za namna hiyo mwaka 1859, na kwa hiyo mtu aliyesimama ubavuni anazikuta zimetandazwa mbele yake, karibu na mkono, kwa urefu unaokaribia mita mbili katika zile kubwa kabisa. Katika piano ya kusimama nyuzi ni fupi na ziko wima, na sehemu kubwa ya mbele yake imezibwa na nyundo pamoja na mitambo yake. Hata katika piano kubwa zenyewe kuna tofauti: fremu ya chuma ina mihimili inayozigawa nyuzi katika vyumba, na kila mtengenezaji anaipanga kwake, hivyo mfagio wa herufi A unaokwenda bila kikwazo kwenye piano moja unaweza kugonga mhimili kwenye nyingine. Mpigaji makini huomba kuiona piano kabla ya siku ya onyesho.

Unachoweza kufanya ni kuonja. Toa ule ubao wa chini, ulio mbele ya magoti ya mpigaji. Kwenye piano nyingi unashikiliwa na klipu moja ya chuma inayosukumwa juu kwa kidole. Utaona nyuzi za shaba zikiteremka kimshazari kutoka kushoto kwenda kulia. Mtu mwingine akanyage pedali ya kulia naye akiwa amekaa pembeni, maana vijiti vya pedali viko hapohapo na miguu yake itagombana na mikono yako. Piga magoti, ufuate uzi mmoja kwa nyama ya kidole cha shahada, polepole, kisha kwa kasi. Nafasi ni ya mkono mmoja tu, lakini inatosha kuisikia tofauti ya B na F ambayo Mwalimu ameieleza.

Kabla ya hapo, nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabisa. Jasho la pwani lina chumvi, na hewa yenu ina unyevu wa kutosha hata bila msaada wa jasho. Waya wa chuma ulioguswa kwa kidole chenye jasho unaweza kuonyesha alama ya kutu inayofuata umbo la kidole. Nyuzi za shaba zina ugonjwa wake: mafuta na uchafu vikiingia katikati ya mizunguko, mizunguko inakosa kucheza sawasawa na uzi unapoteza mng'ao, ukawa unatoa sauti ya kubutuka tu, kama debe lililofunikwa kwa blanketi. Mara nyingi dawa yake ni kuubadilisha, na uzi wa besi hauuzwi dukani kama skrubu; lazima utengenezwe kwa kipimo cha piano hiyo. Ukimaliza, pitisha kitambaa kikavu cha pamba kwa kufuata urefu wa uzi. Usitie mafuta ya aina yoyote, wala dawa ya kung'arisha shaba.

Usizishike dampa. Kwenye piano ya kusimama hazionekani vizuri kutoka chini, lakini kwenye piano kubwa zimejipanga mbele yako kama zinakualika, na hapo ndipo wageni wa kazi hizi wanapoharibu. Dampa moja ikipindishwa kidogo tu, nota yake haitanyamaza tena ipasavyo, na kuirudisha ni kazi ya subira. Anayehitaji alama za kumwonyesha nota ipi ni ipi atumie chaki kidogo juu ya vichwa vya dampa kwa ruhusa ya mwenye piano, aifute baadaye kwa brashi laini. Karatasi za gundi zisikaribie nyuzi kabisa, kwa sababu gundi inabaki kwenye vituta vya shaba na kushika vumbi.

Kucha ni zako mwenyewe tu. Nimekuta watu wakitumia sarafu, kadi za benki, hata ufunguo. Cowell hakuomba chuma popote katika herufi zake 12, na waya wa shaba ni laini kuliko chuma, unakwanguka. Ukucha wako ndio utakaolika, na ndivyo inavyotakiwa. Wanaoifanya kazi hii mara kwa mara hukata kucha kwa kipimo, ziwe ndefu kidogo kupita nyama lakini zisiweze kunasa katikati ya nyuzi mbili.

Hofu ya kwamba utakata uzi iondoe. Nyuzi zote za piano kubwa zinavuta fremu kwa nguvu inayokaribia tani 20, na kidole chako si kitu mbele ya mvutano huo. Isipokuwa kama piano yenu imekaa miaka mingi bila kuguswa na unaona kutu nyekundu kwenye misumari ya kukazia. Ikiwa hivyo, usiiguse mpaka fundi aitazame, kwa kuwa uzi wenye kutu ukikatika unaruka, nawe utakuwa umepiga magoti uso ukiwa mbele yake. Tuma picha ya misumari hiyo na ya ncha za chini za nyuzi za besi, nami nitakuambia kama inafaa.

Mwanakwaya wa Tanga

Nimekuelewa, Fundi. Ubao wa chini nimeutoa leo mchana. Misumari ina rangi ya kijivu, haina wekundu, lakini nyuzi mbili za besi, ya tatu na ya nne kutoka kushoto, zina madoa ya kijani kwenye shaba, na ya nne inatoa hiyo sauti ya debe uliyoitaja hata ninapoibonyeza kawaida. Picha nazituma jioni hii. Sitagusa chochote mpaka unijibu.

Fundi Nyuzi

Kijani ni shaba iliyopatwa na unyevu, haina hatari ya kuruka. Ziache hizo mbili, ujaribu kuanzia ya sita kwenda kulia, na unaporudisha ubao hakikisha klipu imelia.